Mwongozo kamili wa kuomba ruzuku ya serikali ya kupunguza matumizi ya nishati katika majengo ya umma

Halmashauri nyingi huanza kuandaa maombi siku dirisha linapofunguliwa, na siku hiyo tayari zimechelewa. Fomu inauliza jengo linatumia nishati kiasi gani kwa mwaka, na hakuna anayejua. Bili ziko kwa mhasibu, nyingine zimepotea. Michoro ya jengo haijulikani iliko. Makadirio ya bei yametolewa na muuzaji wa vifaa vilevile vinavyoombewa fedha. Wiki sita zinapita, na andiko linapelekwa likiwa na maneno mazuri na tarakimu za kubahatisha.

Nimeshiriki kuandaa maandiko ya namna hii kwa shule, zahanati, maktaba na ofisi. Yaliyopita na yaliyokataliwa hayakutofautiana sana kwa uandishi, bali kwa tarakimu: mengine yalikuwa na tarakimu za jengo lenyewe, mengine hayakuwa nazo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni kazi ya kufanya kabla hujaigusa fomu.

Hatua ya 1: Jua mfuko unahesabu nini

Kila mfuko husema unalipia matumizi bora ya nishati, lakini kila mmoja una kipimo chake. Mmoja unahesabu kilowati-saa zilizookolewa, mwingine tani za kaboni, mwingine pesa zinazopungua kwenye bili. Usipolijua hilo mapema, unaweza kuandaa mradi mzuri kabisa ambao mfuko huo hauwezi kuulipia.

Tazama Uingereza. Mpango wao wa kuondoa kaboni katika sekta ya umma ulianza mwaka 2020 kwa pauni bilioni 1, chini ya usimamizi wa Salix, taasisi ya serikali. Katika awamu ya 3 uliweka kikomo cha pauni 325 kwa kila tani ya kaboni itakayookolewa katika umri wa vifaa, na kaboni iliyohesabiwa ni ile inayotoka kwenye jengo lenyewe, yaani gesi au mafuta yanayochomwa humo ndani. Aliyepeleka mradi wa taa za LED peke yake hakuwa na tani hata moja ya kuonyesha, hata kama bili yake ya umeme ingeshuka sana. Marekani ni tofauti. Ruzuku zao za ufanisi wa nishati, zilizoanzishwa na sheria ya mwaka 2007, ziligawa dola bilioni 3.2 mwaka 2009 na zikapata dola milioni 550 nyingine kupitia sheria ya miundombinu ya mwaka 2021. Huko miji mikubwa na kaunti kubwa hupewa mgao kwa fomula, ndogo hushindania, na taa ni kazi inayokubalika.

Kwa hiyo soma tangazo lote ukiwa na kalamu. Pigia mstari kipimo kinachotumika, nani anastahili kuomba, asilimia ambayo mwombaji lazima achangie, tarehe ambayo kazi lazima iwe imekamilika, na namna fedha zinavyotoka. Mchango wa mwombaji huwaangusha wengi. Mfuko wa Australia wa majengo ya serikali za mitaa, wenye dola milioni 100 za nchi hiyo, ulitaka halmashauri ichangie angalau nusu ya gharama. Kama bajeti yako ya mwaka imeshapitishwa bila kasma hiyo, utalazimika kusubiri mwaka mwingine wa fedha.

Uliza pia kama kuna ruzuku ya maandalizi, maana wengi hawajui kuwa ipo. Barani Ulaya, mpango wa ELENA unaoendeshwa na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya tangu mwaka 2009 hulipia hadi asilimia 90 ya gharama za ukaguzi, michoro na nyaraka za zabuni, kwa sharti kwamba maandalizi hayo yazae uwekezaji mkubwa zaidi mara kadhaa. Ukipata fedha za namna hiyo, anza nazo.

Hatua ya 2: Kusanya bili za miezi 36

Miezi 12 ndiyo kima cha chini. Ukiwa na 36 unaweza kuonyesha kwamba mwaka uliouchagua kuwa wa kulinganishia si mwaka wa ajabu. Mwaka 2020 na sehemu kubwa ya 2021 haifai kutumika peke yake, kwa kuwa majengo mengi yalifungwa au yalikuwa na watu wachache.

Kwa kila bili andika tarehe mbili za usomaji wa mita, kilowati-saa, mahitaji ya juu ya umeme (kilele cha umeme unaovutwa kwa wakati mmoja) kama yanatozwa, na pesa iliyolipwa. Angalia kama usomaji ulikuwa halisi au wa makadirio. Bili za makadirio miezi mitatu mfululizo hufuatwa na bili moja kubwa ya kusawazisha, na asiyejua atadhani jengo lilipatwa na balaa mwezi huo. Usiache mafuta mengine. Lita moja ya dizeli ina takriban kilowati-saa 10 za nishati na kilo moja ya gesi ya mitungi karibu 13. Ukizigeuza hivyo, nishati yote ya jengo inaingia kwenye jedwali moja. Gawanya jumla kwa mita za mraba za sakafu, upate kilowati-saa kwa mita ya mraba kwa mwaka. Mpitiaji wa maombi ataiangalia tarakimu hiyo kabla hajasoma aya yako ya kwanza.

Hakikisha pia kila mita inahudumia jengo gani. Andiko moja nililolishughulikia lilirudishwa kwa sentensi moja tu: mita iliyotajwa inalisha majengo mawili. Tulikuwa tumeomba fedha za ukumbi, kumbe nyuma yake kulikuwa na karakana yenye mashine za kuchomelea iliyounganishwa kwenye nyaya zilezile tangu zamani. Akiba yote tuliyoiahidi ilitokana na tarakimu zisizo za ukumbi. Siku hizi natembea na fundi umeme kutoka kwenye mita hadi kwenye kila bodi ya swichi, na tunazima na kuwasha mpaka tumeridhika. Ni kazi ya nusu siku.

Hatua ya 3: Soma mita usiku

Hiki ni kipimo kisicho na gharama yoyote, na ndicho ninachokithamini kuliko vyote. Soma mita kuu saa mbili usiku, baada ya mlinzi kufunga milango, kisha uisome tena saa kumi na mbili asubuhi kabla ya mfanyakazi wa kwanza kuingia. Tuseme tofauti ni kilowati-saa 60. Katika saa 10 hizo, jengo lisilo na mtu lilikuwa linavuta wastani wa kilowati 6.

Sasa zidisha. Mwaka una saa 8,760. Kama ofisi hufunguliwa saa 10 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hizo ni saa 2,500 za kazi. Zinabaki saa 6,260 za jengo tupu. Kilowati 6 mara saa 6,260 ni kilowati-saa 37,560 kwa mwaka, zinazotumika pasipo mtu.

Usiku wa pili rudi na fundi mwenye klampu mita, kifaa kinachobana waya na kupima umeme unaopita ndani yake. Mnafungua bodi ya swichi, anabana waya mmoja baada ya mwingine, wewe unaandika. Mara nyingi mnayokutana nayo ni ya kawaida kabisa: feni za kutoa hewa vyooni zisizo na swichi, hita ya maji isiyo na taimu inayochemsha maji ya kunawa mikono usiku kucha, mashine za maji baridi kwenye korido, kiyoyozi cha chumba cha seva kilichowekwa nyuzi 18 wakati mitambo ile haihitaji baridi hiyo. Baadhi ya hayo utayarekebisha kwa bajeti ya matengenezo. Yarekebishe, uyaandike kwenye andiko kwamba umeshayafanya. Mpitiaji akiona halmashauri imepunguza kwa mikono yake kile kilichowezekana, anayaamini na yaliyobaki.

Hatua ya 4: Fanya ukaguzi wa nishati usio na mkono wa muuzaji

Kiwango cha kimataifa cha kazi hii ni ISO 50002, na wakaguzi wengi hutumia pia ngazi tatu za ASHRAE, chama cha wahandisi wa joto na ubaridi cha Marekani: ya kwanza ni kupita na kuangalia, ya pili ina vipimo na hesabu za kila hatua, ya tatu ni uchambuzi wa kina kwa miradi ya gharama kubwa. Kwa maombi mengi ya ruzuku, ngazi ya pili inatosha. Ya kwanza peke yake haitoshi, maana haina tarakimu unazoweza kuzitetea.

Mkaguzi asiwe anayeuza viyoyozi au paneli za sola, wala ndugu wa kampuni inayouza. Hadidu za rejea ziseme wazi unachotaka: orodha ya vifaa vyote vikubwa na umri wake, mgawanyo wa matumizi kwa taa, ubaridi au joto, maji moto na vinginevyo, na kwa kila pendekezo gharama, akiba kwa mwaka, umri wa kifaa na muda wa kurudisha gharama. Jumla ya mgawanyo huo lazima ikaribiane na bili. Nimewahi kupokea ripoti ambayo taa, viyoyozi na kompyuta kwa pamoja vilitumia umeme kuliko mita ilivyosoma. Rudisha ripoti ya namna hiyo kabla hujalipa.

Mtafute pia anayelijua jengo kwa mwili wake: mtunza jengo, fundi wa matengenezo, mfagizi. Wao ndio wanaojua chumba kinachovuja dari kila mvua, dirisha lisilofunga, na boila (mtambo wa kuchemsha maji ya kupasha jengo joto) inayowashwa saa tisa usiku kwa sababu aliyeiweka hivyo alishastaafu.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya akiba bila kuhesabu mara mbili

Chukua taa, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Jengo lina taa 120, kila moja ina tyubu mbili za wati 36 na choki za zamani. Choki nazo hula umeme, kwa hiyo kila taa inavuta karibu wati 90. Jumla ni kilowati 10.8, na kwa saa 2,500 ni kilowati-saa 27,000 kwa mwaka. Ukiweka tyubu za LED za wati 18, kila taa inashuka hadi wati 36, jumla kilowati 4.32, matumizi kilowati-saa 10,800. Umeokoa 16,200.

Kisha unataka kuongeza vihisi mwendo vitakavyopunguza saa za kuwaka kwa asilimia 30. Wengi huchukua asilimia 30 ya 27,000, wakapata 8,100, wakajumlisha na 16,200. Hapo wamekosea. Vihisi vinazima taa ambazo tayari ni za LED, kwa hiyo asilimia 30 inatoka kwenye 10,800, nayo ni 3,240. Akiba ya kweli ni kilowati-saa 19,440, si 24,300. Mhandisi anayepitia maombi huliona kosa hili ndani ya dakika moja, na akishaliona anatilia shaka kila ukurasa.

Kanuni hiyohiyo iko kwenye viyoyozi na boila. Ukishahami paa na kuziba mianya, joto au baridi inayohitajika inapungua, kwa hiyo akiba ya mtambo mpya ikokotolewe juu ya hitaji jipya. Kumbuka pia kwamba taa za zamani zilikuwa zinatoa joto. Kwenye jengo linalopozwa, LED inapunguza mzigo wa kiyoyozi. Kwenye jengo linalopashwa joto, inaongeza kidogo kazi ya boila.

Usipite bila kuangalia pampu na feni kubwa. Nguvu inayovutwa na feni hufuata mchemraba wa mwendo wake: ukipunguza mwendo hadi asilimia 80, nguvu inashuka kinadharia hadi asilimia 51 hivi. Kidhibiti mwendo cha mota ni sanduku dogo la ukutani lisilovutia kwenye picha za uzinduzi, na huenda ndicho kifaa chenye akiba kubwa kuliko vyote kwenye mradi wako.

Hatua ya 6: Panga kazi kwa mfuatano wake

Anza na kupunguza hitaji: paa, dari, madirisha, mianya, kivuli. Fuata na vifaa vinavyotumia nishati, kisha mitambo ya kudhibiti. Paneli za sola ziwe za mwisho. Najua shinikizo lililopo, kwa sababu paneli zinaonekana barabarani na kihami joto cha darini hakionekani. Lakini ukianza na sola unanunua mfumo wa kulisha upotevu ambao mwaka unaofuata utauondoa, na unabaki na paneli nyingi kuliko mahitaji.

Jambo hilo ni zito zaidi kwa pampu za joto, mitambo inayovuta joto la nje na kulileta ndani ya jengo. Hizi hufanya kazi vizuri maji yanayozunguka yakiwa ya joto la chini. Ukiziweka kwenye jengo linalovuja hewa, utalazimika kupandisha joto la maji ili watu wasitetemeke, na ufanisi unaporomoka.

Hatua ya 7: Weka kwenye bajeti gharama zinazosahaulika

Bei ya kifaa ni sehemu tu. Majengo ya zamani yanaweza kuwa na asbesto kwenye paa, dari au vihami joto vya mabomba, na upimaji wake hufanywa kabla fundi hajatoboa tundu la kwanza. Ikigundulika katikati ya kazi, mradi unasimama. Tyubu za zamani zina zebaki na haziendi jalalani. Mkutano wa nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, mwaka 2023 ulikubaliana kukomesha utengenezaji na biashara ya kimataifa ya taa za namna hiyo ifikapo mwisho wa 2027, hoja nzuri ya kuitumia kwenye andiko. Viyoyozi vya zamani vyenye gesi ya ubaridi ya R-22 vinahitaji fundi mwenye kibali wa kuivuta gesi hiyo bila kuiachia hewani.

Ongeza ubadilishaji wa nyaya na bodi za swichi, uwezo wa transfoma, jukwaa la kufikia dari ndefu, kazi za nje ya saa za ofisi, mafunzo ya mtunza jengo, mita ndogo za kupimia, na akiba ya dharura. Uliza kama mfuko unalipa kodi ya ongezeko la thamani au unakuachia wewe. Tofauti hiyo peke yake inaweza kuumeza mchango mzima uliotengwa.

Hatua ya 8: Andika

Ukifika hapa na kila kitu mkononi, uandishi ni kazi ya siku chache. Fuata vigezo vya alama kwa mpangilio wake, ukitumia maneno yaleyale ya tangazo, ili mpitiaji asitafute jibu. Toa vyanzo vya tarakimu: bili ya mwezi gani, mita namba ngapi, ukurasa wa ngapi wa ripoti ya ukaguzi. Elezea watu wanaolitumia jengo kwa sentensi zenye uzito, kama wodi isiyokalika mchana au darasa ambalo taa nusu haziwaki. Usizidishe chumvi.

Viambatisho huchelewesha kuliko andiko lenyewe. Uthibitisho wa umiliki wa jengo, au idhini ya mwenye jengo kama mmepanga. Azimio la baraza la kukubali mchango. Kibali cha mambo ya kale kama jengo ni la kihistoria. Nukuu za bei ambazo hazijapitwa na wakati. Anza kuvifuatilia vyote siku ya ukaguzi, na upeleke maombi mapema. Mifuko mingine hupokea kwa mpangilio wa kufika, na fedha zikiisha dirisha linafungwa kabla ya tarehe iliyotangazwa.

Hatua ya 9: Baada ya barua ya kukubaliwa

Usimwite mkandarasi bado. Kazi iliyoanza kabla ya mkataba wa ruzuku kusainiwa kwa kawaida hailipwi, na nimeona watu wakipoteza mamilioni kwa haraka ya wiki mbili. Soma masharti na mwanasheria na afisa ununuzi mkiwa pamoja. Marekani, kwa mfano, sheria ya mwaka 2021 inataka chuma, vifaa vya ujenzi na bidhaa za viwandani zinazotumika kwenye miundombinu inayolipiwa na serikali kuu viwe vimetengenezwa nchini humo. Sharti kama hilo lisipoingia kwenye nyaraka za zabuni, utalijua wakati mizigo imeshafika.

Keti na mweka hazina kuhusu mtiririko wa fedha. Ruzuku nyingi hurejesha gharama baada ya wewe kulipa na kuwasilisha stakabadhi, kwa hiyo lazima ziwepo fedha za kumlipa mkandarasi katika miezi ya kusubiri.

Kwenye upokeaji wa kazi, usisaini kwa kuona kifaa kinawaka. Angalia mipangilio. Boila ya kisasa inayovuna joto la mvuke hufanya hivyo maji yanayorudi yakiwa chini ya nyuzi 55 hivi. Ikiachwa na mpangilio wa ile ya zamani, inachoma gesi karibu kama ile iliyoondolewa. Vihisi mwendo vinavyochelewa nusu saa kuzima taa havina faida. Mtunza jengo awepo wakati wa mipangilio hiyo na abaki na nakala yake kwa lugha anayoielewa.

Mwisho ni kuthibitisha akiba. Itifaki inayotumika zaidi duniani ni IPMVP, yaani itifaki ya kimataifa ya kupima na kuthibitisha utendaji. Kama mradi unategemewa kupunguza zaidi ya asilimia 10 ya matumizi ya jengo zima, kulinganisha bili za kabla na baada kwenye mita kuu kunawezekana, ilimradi usahihishe kwa hali ya hewa na idadi ya siku za kazi. Ikiwa chini ya hapo, akiba inapotea kwenye mabadiliko ya kawaida, na utahitaji mita ndogo kwenye kifaa husika. Mita hizo zifungwe kabla vifaa vya zamani havijaondolewa, kwa kuwa hakuna namna ya kupima kitu kilichokwisha kubebwa.

Na rudia ule usomaji wa usiku, saa mbili na saa kumi na mbili, mwezi mmoja baada ya mkandarasi kuondoka, kisha kila baada ya miezi mitatu. Kwenye jengo letu la kilowati 6 unatafuta tofauti ya kilowati-saa 60 ishuke hadi 20 au chini yake. Ikibaki 50, chukua klampu mita, mwite fundi, mfungue bodi ya swichi usiku huohuo wakati mkandarasi bado yuko ndani ya muda wa dhamana.